Kimya cha Madam Drusilla

Sisi tuliokulia mtaa wa Calumet, kabla nyumba zile hazijabomolewa, tunakumbuka kwamba asubuhi yetu ilikuwa na sauti yake. Dirisha la ghorofa ya tatu lilifunguliwa, pazia likasogezwa, na Madam Drusilla Hathorne akaanza kupanda na kushuka ngazi za sauti, taratibu, kama mtu anayekagua vyumba vya nyumba yake kuona kama kila kitu kimelala mahali pake. Wanawake walishusha ndoo zao. Bwana Pruitt, muuza barafu, alimshika farasi hatamu ili kengele zisilie, na maji ya barafu yakawa yanadondoka barabarani bila yeye kujali. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tumefundishwa.

Alitufundisha hivi. Ukikohoa akiimba, alinyamaza. Hakukasirika wala kukunja uso. Alifumbata mikono mbele ya gauni lake, akakutazama kwa upole kama anayekusubiri umalize kufunga viatu, na piano nayo ikanyamaza, na kanisa zima likakugeukia. Aliyepatwa na hilo mara moja hakulirudia. Kanisani kwetu Bethsaida mchungaji hawezi kumaliza sentensi bila kujibiwa “Amina” na “Sema, baba”. Mtoto akikariri aya moja ya Biblia wazee humwitikia mpaka amalize. Lakini Madam Drusilla alisikilizwa kwa kimya kama cha theluji inapoanguka.

Wakubwa walitwambia kwamba aliwahi kuimba Havana na Boston na ng'ambo ya bahari, mbele ya watu wenye nishani vifuani. Walitwambia pia kwamba jina lake halikuandikwa kwenye mabango. Waliandika jina la mwimbaji mmoja mweupe aliyekuwa maarufu wakati ule, kisha wakaongeza neno “Mweusi” mbele yake, na huyo ndiye akawa Drusilla Hathorne. Baadaye aliigiza malkia katika ukumbi wa Lindell, State Street, kwenye kikundi cha watu wetu wenyewe, na kwa misimu kadhaa hata wapiga viatu rangi walimwamkia “Mtukufu” akipita. Sauti yake haikuwahi kuwekwa kwenye sahani ya santuri. Walioisikia ndio peke yao walioibeba.

Katika miaka ile ya ukosefu wa kazi alikuwa akiishi na binti yake Coralee na mkwewe Hosea Tibbs. Coralee alikuwa mpiga piano wa mama yake tangu akiwa msichana mwenye nywele za kusuka. Mchana alipiga pasi mashati kwa dobi, jioni aliwafundisha piano watoto wa mtaani, na wazazi wao walimlipa kwa walichokuwa nacho, mara mayai, mara ahadi.

*

Jumamosi moja Bi. Lavinia Goodlett, mke wa shemasi, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa na kofia yake ya kamati. Kanisa lilikuwa limechangishana kwa muda mrefu kununua kinanda kikubwa cha mabomba, na sasa kilikuwa kimefungwa ukutani nyuma ya mimbari, kinang'aa.

“Tumekubaliana, Madam,” alisema akiketi. “Siku ya kukizindua, sauti ya kwanza kusikika nacho ni yako.”

“Kwa wimbo gani?”

“Unauliza tena, Madam? Ule wa malkia. Watu wakimwona Drusilla Hathorne bila malkia watadai warudishiwe sadaka.”

Wimbo ule ulikuwa wa Kiitaliano, wa malkia anayeiaga nchi yake. Mwishoni sauti inapanda mpaka mahali ambapo sisi tulipaita kilele, ikakaa pale juu peke yake, bila ala yoyote kuishika.

Madam alicheka. Alikuwa na kicheko cha chini, tofauti kabisa na sauti yake ya kuimba. “Coralee, umesikia? Tuanze mazoezi leo.”

Bi. Lavinia alilainisha glovu zake kwenye goti. “Coralee mpenzi, safari hii wewe pumzika. Kinanda kile hakipigwi na kila mtu. Tumempata Bwana Nesbit, amesomea chuoni, mabomba yale anayajua kwa majina. Wewe tulifikiri utusaidie kule chini kwenye chai. Kweli hakuna anayekata keki sawasawa kama wewe.”

Coralee alikuwa amesimama karibu na piano, mkono wake juu ya kifuniko. “Asante, Bi. Lavinia,” alisema. “Keki ni ya limau au ya nazi?”

“Zote mbili,” Bi. Lavinia alijibu, na akashusha pumzi.

*

Jioni ile Hosea alirudi kutoka safari ya reli. Alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala. Aliwatandikia vitanda abiria weupe, akawapigia viatu rangi wakiwa usingizini, na wote, mtoto kwa mzee, walimwita George, kwa kuwa ndivyo walivyomwita kila mhudumu mweusi wa reli. Kwa hiyo akiwa nyumbani alipenda kusikia jina lake.

“Hosea,” Coralee alisema, akimwekea sahani ya maharage na mkate wa mahindi.

“Naam. Sema tena.”

“Hosea, nisikilize. Mama ataanguka.”

“Ataanguka wapi? Ngazi si nimeitengeneza.”

“Kwenye wimbo.” Alifunga mlango wa jikoni. Chumbani kwake Madam alikuwa akizungumza na mchungaji aliyekuja kumpongeza. “Nimekuwa nikimshushia sauti ya piano. Ule wimbo wa malkia hatujaupiga mahali pake tangu baba alipofariki. Mama alikuwa na mafua, nikaushusha kidogo, nikasema ni kwa wiki hiyo tu. Mafua yakaisha, sauti haikurudi. Nikashusha tena. Na tena. Nyimbo zote, Hosea. Kila mwaka kidogo.”

“Na hajui?”

“Anasema sauti yake imekomaa kama divai.”

Hosea aliacha kutafuna. “Yaani mama mkwe anadhani anapanda ghorofa ya tatu, kumbe umemwekea ya pili.”

“Usinitanie.”

“Sikutanii. Ninashangaa jinsi mtu anavyoweza kupendwa.” Alipangusa mdomo. “Sasa huyo kijana wa chuo ataupiga kule juu.”

“Ataupiga ulivyoandikwa. Na mama atapanda, atakuta hakuna sakafu. Mbele ya watu wote wale. Wewe unajua yeye ni nani pale. Hana kitu kingine, Hosea. Hana nyumba, hana sahani hata moja yenye sauti yake. Ana jinsi watu wanavyonyamaza tu.”

“Mwambie basi.”

“Nimwambie nini? Mama, umezeeka, na mimi nimekuwa nikikudanganya kila siku asubuhi?”

Hosea alitazama sahani yake.

“Mwambie wewe,” Coralee alisema. “Anakupenda.”

“Mimi?” alisema Hosea. “Mimi ni George tu.” Ulikuwa mzaha wake wa kila mara, lakini safari hii hata mwenyewe hakucheka.

*

Jumanne iliyofuata baada ya kazi Coralee alikwenda kanisani. Bwana Everett Nesbit alikuwa amevua koti na kulitundika vizuri kwenye ukingo wa kiti, akijaribu kinanda. Alisimama alipomwona, kama kijana aliyelelewa vizuri.

“Dada Tibbs. Umekuja kukiona?”

“Nimekuja kukuomba kitu. Wimbo wa Madam uupige chini kidogo.”

“Chini kiasi gani?”

Alimwonyesha kwa kidole kwenye vibao. Kijana alivitazama vibao, akamtazama yeye, akavitazama tena.

“Pale utakuwa mzito kama mtu aliyevaa koti la babu yake,” alisema. “Ameomba mwenyewe?”

“Hapana.”

“Basi nitaushusha vipi bila yeye kusikia?”

“Kwangu hajawahi kusikia.”

“Samahani, dada, lakini nimeisikia piano yenu nikipita njiani. Imelegea kila mahali. Ile hata ikishuka ghorofa mbili nani atajua?”

Alisema kwa kucheka, halafu akaona mikono ya Coralee, makovu ya pasi kwenye vifundo, na kicheko kikamkwama.

“Sikukusudia hivyo.”

“Najua.”

“Nitamwuliza siku ya mazoezi. Kwa heshima zote.”

“Usimwulize, nakuomba.”

“Basi unataka nimdanganye.” Sauti ya kijana ilibadilika. “Dada Tibbs, bibi yangu alikuwa akinipeleka nimsikilize Madam Hathorne nikiwa sijui hata kusoma. Alinishika miguu nisiyumbe kwenye kiti. Ndiyo maana nilisomea kazi hii. Mtu mwingine yeyote ningemdanganya. Yeye siwezi.”

Coralee alikuwa amekuja akidhani atakutana na kiburi. Angejua namna ya kupambana na kiburi.

Alitoka kwa mlango wa chini, akapita chumba cha ghorofa ya ardhini ambako kwaya ya matari ilikuwa ikijiandaa. Hao walikuwa watu waliotoka kusini mwa nchi, waimbaji wa makofi na miguu, na kamati ya Bi. Lavinia ilikuwa imewaruhusu waimbe pale chini, si juu. Kiongozi wao Zenobia Crull, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye kona ya mtaa wetu, alikuwa akipanga viti.

“Coralee, mbona uso kama Jumatatu?”

“Nimechoka tu, Dada Zenobia.”

“Tumeitwa tuje juu siku ya kinanda. Umesikia? Tumepewa viti vya pembeni, nyuma ya nguzo. Tutakiona kinanda nusu.” Zenobia alicheka kwa mwili mzima. Halafu akasema taratibu, “Mwambie mama yako asihofu. Nitanyamaza. Nilijifunza.”

Wote wawili walijua alichosema. Miaka mingi nyuma, Zenobia akiwa ameshuka kwenye treni juzi tu, alimsikia Madam Drusilla kwa mara ya kwanza, na katikati ya wimbo akasema “Amina” kwa sauti kubwa. Madam alinyamaza. Alifumbata mikono. Kanisa lote liligeuka. Zenobia aliinamisha kichwa chake chenye kofia ya kuazima, na tangu siku ile hakukaa tena kwenye viti vya juu.

“Hakukusudia kukuaibisha,” Coralee alisema.

“Najua. Mimi pia sikukusudia. Kule Mississippi mtu akiimba usipomwitikia anadhani umekufa.” Zenobia aliweka kiti cha mwisho kwenye mstari. “Ilinitoka tu. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile.”

*

Siku ya mazoezi Coralee alikaa kiti cha nyuma kabisa na vitambaa vya meza mapajani. Bwana Nesbit alimgeukia Madam na kuuliza, “Niupige ulivyoandikwa, Madam?”

Madam Drusilla alitazama nyuma, mpaka kwenye kiti cha mwisho.

“Ulivyoandikwa, mwanangu. Kwani kuna namna nyingine?”

Lakini aliimba kwa sauti ya kunong'ona, chini kabisa, kama wasanii wanavyofanya kuilinda sauti kabla ya siku yenyewe. Kilele hakukigusa. Alikionyesha tu kwa kidole hewani, akaenda zake. Kwa hiyo mazoezi yalipita vizuri na hakuna aliyejua lolote zaidi ya alilokuja nalo.

Mkesha wa siku yenyewe, mchana, Coralee alimkalisha mama yake karibu na jiko amnyooshe nywele kwa kitana cha moto. Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa jikoni. Gauni jeusi la shanga, lile la Lindell, lilikuwa limetundikwa mlangoni, likiwa limepunguzwa kiunoni na kupanuliwa mabegani.

“Nilipolivaa hili mara ya kwanza,” Madam alisema, “meneja alikuja chumbani na kopo la masizi. Akasema malkia wa Afrika lazima awe mweusi kuliko mimi. Nilimwambia, bwana, mjini humu nimekuwa mweusi wa kutosha kunyimwa chumba katika kila hoteli. Imekuwaje nimepauka kwako tu?”

“Akasema nini?”

“Akapaka mlango. Aliegemea vibaya na kopo likamponyoka.” Akacheka. “Shika sikio langu vizuri, usiniunguze. Kabla ya hapo, unajua, nilipokuwa naimba kule Buffalo, walikuja na mifuko ya karanga. Weupe watupu. Bango lilikuwa limewaahidi kichekesho. Nilipotokea tu wakaanza kucheka. Nilikuwa msichana, mkono wangu ulitetemeka mpaka bangili ikawa inalia. Sikujua la kufanya, nikafumbata mikono isitetemeke. Nikangoja. Walicheka mpaka wakachoka. Kisha nikaimba. Na kabla ubeti wa kwanza haujaisha sikusikia karanga hata moja ikivunjwa.”

Coralee alikuwa amesimamisha kitana hewani.

“Ndipo nilipojua ladha ya kimya,” Madam alisema. “Ukikionja mara moja huwezi kuimba bila hicho. Hata kwa watu wako.”

“Mama. Kesho ukichoka njiani, hakuna atakayekulaumu.”

“Nikichoka nitajua la kufanya. Nilikuwa nikichoka kabla hujazaliwa.”

“Mama, mimi...”

“Kitana kinapoa,” alisema mama yake.

*

Kanisa lilijaa mpaka vibarazani. Wanaume walisimama kando ya kuta na kofia vifuani. Wanawake walijipepea kwa pepeo za kadibodi zenye tangazo la kampuni ya mazishi. Hosea alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili awepo. Kwenye viti vya pembeni, nyuma ya nguzo, kwaya ya matari ilikaa na mikono mapajani, matari yakiwa yamewekwa chini ya viti. Chini, kwenye meza za chai, Coralee alikata keki ya limau, akaikata tena, halafu akapanda ngazi na kusimama mlangoni akiwa na aproni yake na kisu mkononi.

Kinanda kililia kwanza peke yake, na wengi wetu tulilisikia lile bomba kubwa tumboni. Kisha Madam Drusilla akatoka kwenye chumba cha mchungaji, shanga zikimeta, akasimama. Pepeo zikasimama.

Aliimba. Mwanzo ulikuwa wake kabisa. Kila neno lilikaa mahali pake, kama malkia anayejua kila mlango wa nyumba anayoiaga, na walio wazee kwetu walifumba macho na kuwa State Street tena, vijana tena, wakiwa wamevaa viatu vipya. Coralee peke yake alisikia jinsi mama yake alivyokuwa akivuta pumzi mara nyingi kuliko kawaida. Alikuwa akihesabu ngazi pamoja naye.

Kinanda kikanyamaza. Sauti ikapanda peke yake kuelekea kilele, ikakigusa, ikavunjika.

Haikuvunjika kwa kelele. Ilikatika kama uzi unavyokatika kwenye sindano, na mdomo wake ukabaki wazi bila kitu ndani. Bwana Nesbit alisubiri na vidole juu ya vibao, kisha akaviondoa, akaviweka magotini.

Na sisi tukanyamaza.

Kwa mtu mwingine yeyote tungejua la kufanya. Wangesimama wazee, wangesema polepole mama, wangemtegemeza kwa mguno mpaka apate njia, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa, hakuna anayeachwa aanguke peke yake ndani ya Bethsaida. Lakini huyu alikuwa Madam. Tulimpa kile alichotuomba maisha yake yote. Tulikishika kwa nguvu zetu zote. Hata mtoto mchanga hakulia. Bi. Lavinia alikuwa amejing'ata mdomo mpaka ukapauka, na mchungaji aliyezoea kujaza kila nafasi tupu kwa maneno alitazama viatu vyake. Na kadiri tulivyomheshimu, ndivyo alivyozidi kuwa peke yake pale mbele.

Madam Drusilla alifumbata mikono. Tulidhani ni mazoea. Alitutazama kwa ule upole wake, mstari kwa mstari, kama anayemtafuta aliyekohoa, na bangili kwenye mkono wake ikaanza kulia kidogo. Macho yake yalifika pembeni, nyuma ya nguzo, ambako mwanamke mmoja alikuwa amejibana leso mdomoni kwa mikono miwili.

“Dada Zenobia,” alisema.

Zenobia aliinua uso. “Naam, Madam.”

“Unaumwa?”

“Hapana, Madam. Najizuia.”

Mtu fulani alicheka puani, akajizuia.

“Uliwahi kuniambia neno,” Madam alisema. “Siku nyingi. Sikukujibu.”

Zenobia aliitoa leso. “Amina,” alisema, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu mlango ambao hajui kama umefungwa.

“Nimezeeka. Sema nisikie.”

“Amina, Mama.”

Lile neno Mama lilipita viti vyote. Kutoka kibarazani mwanamume mmoja akasema, “Polepole, mama, hatuna haraka.” Mwingine akasema, “Tuko nawe.” Na mguno ukaanza chini kwenye kwaya ya matari, ule mguno usio na maneno, ukapanda kwenye viti vya kati, ukafika hata kwa Bi. Lavinia, ambaye kofia yake ilianza kutikisika.

Madam Drusilla aligeukia mlango. “Coralee. Acha hiyo keki.”

Coralee alipita katikati ya kanisa na aproni yake. Alimpa Hosea kisu njiani, kwa kuwa hakujua pa kukiweka. Piano ya zamani ilikuwa bado pale pembeni, imesukumwa ukutani kupisha kinanda.

“Upige pale tunapokaa siku zote,” mama yake alisema.

Coralee alisimama. Walio viti vya mbele walisikia, na ndio waliotusimulia sisi wengine. “Ulikuwa unajua?”

“Nimekaa na sauti hii miaka mingi kuliko nilivyokaa na baba yako. Ulidhani itahamishwa chumba nisijue?”

“Mbona hukusema, Mama?”

“Ulikuwa unanishusha kwa upole mno. Ningesema, ungeacha.” Alimpangusa binti yake unga wa sukari shavuni. “Leo nilitaka nipande mara moja tu, nione kama bado pako pale. Pako. Siyo pangu tena. Keti.”

Bwana Nesbit alitoka kwenye kinanda chake kipya, akamvutia Coralee kiti, akabaki amesimama nyuma yake na mikono mgongoni.

Wimbo wa malkia ulianza tena, chini, pale ulipokuwa umeishi miaka yote ile bila sisi kujua. Ulikuwa mzito zaidi, kweli. Kijana hakukosea. Lakini sasa chini yake kulikuwa na sisi. Alipovuta pumzi, tulimshikia wimbo mpaka arudi. Alipoanza kupanda, wanawake walianza kusema “Nenda, mama, nenda,” na matari yakatoka chini ya viti bila ruhusa ya kamati, na pale juu ambako siku zote sauti yake ilisimama peke yake, safari hii haikuwa peke yake. Hosea alikuwa analia na kisu cha keki mkononi. Mgeni aliyekuwa karibu naye alimpa leso akamwuliza jina lake, naye akalitaja, lote, Hosea Tibbs.

Chai ilipoa siku ile. Keki za Bi. Lavinia zililiwa kwa mikono, na samaki wa Zenobia aliletwa kutoka kwenye kona na kuliwa hapo hapo kwenye vitambaa vyeupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla yake.

*

Asubuhi yake Bwana Pruitt aliingia mtaa wetu na barafu yake kama kawaida. Dirisha la ghorofa ya tatu likafunguliwa, pazia likasogezwa. Alimshika farasi hatamu. Wanawake wakashusha ndoo. Piano ile iliyolegea ikaanza, na sauti ikatoka, ya chini kuliko tuliyoizoea, au labda ile ile tuliyoizoea, sasa tukijua inakokaa.

Bwana Pruitt alivua kofia. Alitazama juu. Akajivuta nyuma kidogo, kama mvulana anayetaka kuruka mtaro.

“Sema, Mama,” alisema.

Tukangoja. Mtaa mzima uliganda, na macho yetu yote yalikuwa kwenye lile dirisha.

Hakunyamaza. Aliendelea kuimba.